Ngozi kuwasha baada ya kuogelea baharini

Pole dadangu. Umerudi Nairobi kutoka Diani, miguu inawasha na imepauka, na shangazi amekuletea chupa ya maji ya bahari unywe “kusafisha tumbo”. Hiyo chupa imwage leo. Lita moja ina chumvi kama gramu 35. Figo hutumia maji mengi zaidi kuitoa, nawe unabaki na kiu, pengine na kuhara pia.

Ngozi haitakusumbua sana. Mimi niliwahi kupanda basi la usiku bila kujisuuza, nikashuka kwenye baridi ya Julai, visigino vyeupe kama nimekanyaga unga. Oga maji vuguvugu, si moto, upake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu. Ukiona uvimbe, usaha au homa, nenda kliniki siku hiyo hiyo.