Yujiro Ishihara alikuwa mwigizaji au mwimbaji? Nilivyomjua mimi

Mkuu, umeuliza kama Yujiro Ishihara, yule nyota marehemu wa Japani, alikuwa mwigizaji aliyejaribu muziki, au mwimbaji aliyebahatika kuingia kwenye filamu, na kama alibebwa tu na kaka yake, mwandishi Shintaro. Nakujibu kwa niliyoyaona, maana nimeishi mji wa Yokohama miaka minne, eneo la Tsurumi, na kaburi lake liko hukohuko, kwenye hekalu la Sojiji.

Nilianza kumjua kwenye karaoke. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi alinipeleka kwenye kibaa chenye viti vinane tu, akaagiza "Ginza no Koi no Monogatari", wimbo wa 1961 wa mwanamume na mwanamke kujibizana. Mama mwenye baa alikuwa amechoka, kwa hiyo sehemu ya mwanamke nikasukumiwa mimi. Walicheka mpaka wakalia. Lakini niliumaliza! Nyimbo za Yujiro zinaimbika hata na sisi tusio na sauti. Hakuwa fundi wa kupandisha sauti. Aliimba chini chini, kama anamnong'oneza mtu usiku.

Baadaye mzee akanionyesha filamu ya 1957, "Arashi o Yobu Otoko". Yujiro ni mpiga ngoma za jazi. Anaumizwa mkono kwenye ugomvi, kesho yake yuko jukwaani akishindana na mpinzani wake, mkono unagoma. Anavuta maikrofoni, anaanza kuimba. Ukumbi unalipuka. Jibu lako limo humo, mkuu: wimbo ulizaliwa ndani ya filamu, hapakuwa na kazi mbili. Na kampuni ya filamu aliyoigizia, Nikkatsu, ilijua kuigeuza biashara hiyo. Ule wimbo wa Ginza ulipovuma, 1962 ukatengenezewa filamu yake kabisa.

Kuhusu kubebwa na kaka yake, ni kweli kwa kiasi. Aliingia 1956 kupitia filamu iliyotokana na riwaya ya Shintaro, yule aliyekuja kuwa gavana wa Tokyo. Ila alipewa nafasi ndogo tu. Mwaka huohuo akawa nyota wa "Kurutta Kajitsu", pamoja na Mie Kitahara, ambaye alimuoa 1960. Hapo kaka hakumwigizia.

Vijana wa miaka ya sabini wao wanamkumbuka kama bosi wa polisi kwenye tamthilia ya "Taiyo ni Hoero!", iliyoanza 1972. Mzee wangu hakuijali sana hiyo. Kwake alikuwa "Yu-chan", alivyoitwa na mashabiki, na alimtaja utadhani mdogo wake aliyeondoka mapema. Saratani ya ini ilimchukua tarehe 17 Julai 1987, ana miaka 52.

Kabla sijarudi nyumbani tulikwenda Sojiji. Mzee akaweka maua, akafumba mikono, kisha akaanza kuimba polepole ule wa Ginza. Alipofika zamu ya mwanamke akanyamaza, akanitazama.

Nikapokea.