Sambusa za Idi ziwe friza kabla mwezi haujaandama

Usiku wa mwezi 29 Ramadhani, nyumbani kwetu Makorora, hapa Tanga, hakuna anayelala mapema. Watoto wako nje wanautafuta mwezi, wazee wamekaa na redio wanasubiri tangazo, nami jikoni nina hesabu zangu. Ukiandama, kesho usiku watu 22 wanakula kwangu. Usipoandama, nimepata siku moja ya ziada. Hesabu hiyo ilininyima raha miaka mingi. Sasa hainisumbui, kwa sababu vitafunio vya kutangulia pilau huwa viko friza tangu mfungo wa 25.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipika Idi zote za utoto wangu, na sikumbuki hata moja aliyokaa jamvini wageni wakiwa wanakula sambusa zake. Tulikuwa tunaisikia sauti yake tu kutoka uani, "Kuleni, nakuja." Alikuwa haji. Ndiyo maana jambo hili nalishikilia sana, na kila shoga yangu anayeolewa namwambia: vinavyoweza kutangulia, vitangulize, ili siku ya Idi kazi yako iwe kukaanga tu.

Sambusa ndizo zinazostahimili friza kuliko vyote. Kwangu kilo 1 ya nyama ya kusaga inatoa sambusa kama 50 ndogo, za kula kwa matonge mawili. Naibandika nyama na thomu, tangawizi, chumvi, ndimu na pilipili manga ile inayoletwa kutoka Muheza, bila kuongeza maji hata tone. Naikoroga mpaka maji yake yenyewe yakauke na nyama ianze kulia chini ya sufuria. Hapo naipua. Vitunguu nimeshavikatakata vidogo na kuvikamua kwa kitambaa safi. Navichanganya na giligilani nyama ikiwa imeshapoa. Ukivitia motoni vitatoa maji, na maji ndiyo adui wa manda, yaani ule unga uliosukumwa wa kufungia sambusa.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo la kupoa. Nilijaza nyama ingali ya moto, mvuke ukailainisha manda, na usiku wa Idi sambusa zikafumuka karaini mbele ya macho yangu, mafuta yakajaa nyama. Wageni wako sebuleni, mimi nalia jikoni. Mama mkwe wangu aliingia, akazima jiko, akanishika bega. "Mwanangu, nyama ya sambusa hulala kwanza." Tangu siku ile naipika usiku, inalala kwenye friji, naijaza asubuhi.

Manda si lazima uzisukume mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani kuna akina mama mitaa ya Ngamiani wanaoziuza zimeshakatwa, na kazi yao ni nzuri kuliko yangu. Cha kuangalia ni pembe. Gundi ya unga na maji iwe nzito kama uji wa mgonjwa, uipake mpaka kwenye ncha, kisha ubane kwa vidole. Pembe yenye tundu la sindano inanyonya mafuta yote. Ukishafunga, zipange kwenye sinia zisigusane, ziingize friza mpaka ziwe ngumu kama kokoto, ndipo uzihamishie kwenye kopo lenye mfuniko. Ukizirundika zikiwa mbichi zitaganda bonge moja, na kuzibandua ni kuzichana.

Katlesi nazo hukubali. Viazi vya Lushoto navichemsha na maganda yake visinywe maji, navimenya na kuviponda vikiwa moto, halafu naviacha vipoe. Ndani natia samaki nguru, aliyechemshwa kwa ndimu na kuchambuliwa kwa vidole, kwani mwiba mmoja kwa mtoto unaharibu Idi nzima. Yai usilipake kabla ya kugandisha. Siku yenyewe zitoe asubuhi zikae kwenye friji ziyeyuke taratibu, jioni uzichovye kwenye yai na kukaanga. Bajia ziache kabisa, hizo ni za papo kwa papo. Chatne ya ukwaju ifanye hata siku nne kabla, ikae kwenye friji. Ya nazi ikunie siku hiyo hiyo. Kwa joto letu la Tanga haichelewi kuchacha.

Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia. Likiwa limejaa na halifunguliwi, baridi hukaa kama saa 48. Likiwa nusu, saa 24 hivi. Mimi nafasi zilizobaki najaza chupa za maji. Kitu kikishalegea na kupoteza ubaridi, hata kama moyo unauma, tupa. Usikigandishe tena ukawapa watu.

Jioni ya Idi sambusa zinatoka friza moja kwa moja hadi karaini, bila kuyeyushwa, kwani zikiyeyuka manda inalowa. Mafuta yawe na moto wa wastani, na uzitie chache chache, sita au saba, maana baridi yake inayapoza mafuta na sambusa zinabaki kuyanywa. Moto ukiwa mkali nje zitaungua, ndani nyama ingali barafu. Zitoe kwenye chujio. Tafadhali usizifunike kwenye hotpoti. Mvuke wake utazilegeza ndani ya dakika tano na kazi ya wiki nzima ipotee.

Nakaanga 30 za kwanza wanaume wakiwa msikitini kwenye Isha, wakirudi sinia liko jamvini na mimi nimeshabadili dera, nimekaa na wifi zangu. Zilizobaki nikiziona hazihitajiki, sizikaangi. Zinakaa humo humo friza mbichi, mpaka wageni wa Idi pili wapige hodi.