Jibu: Makubaliano na fundi wa jipsamu

Ndugu, umeuliza uandikiane nini na fundi atakayegawa sebule yako ya Ngamiani kwa ukuta wa jipsamu. Taja unene wa bodi, milimita 12.5, kwa kuwa zile za milimita 9 hutumika zaidi darini, na nafasi kati ya nguzo za fremu inayobeba bodi isizidi sentimita 60. Kwa upepo wa chumvi wa hapa Tanga, fremu na skrubu ziwe za chuma kilichopakwa zinki, la sivyo kutu itachungulia kwenye rangi. Upande wa bafu, dai bodi zinazohimili unyevu. Andikeni pia nani atazoa vumbi la msasa (langu lilifika hadi kwenye masufuria). Malipo ya mwisho yasubiri usiku, umulike tochi kwa ubavu wa ukuta, maana hapo ndipo mabonde kwenye maungio ya bodi huonekana.