Jibu: Kwa nini kichanga aliyepoa huhema haraka na kupimwa sukari

Dada, hayo mawili yameshikana. Kichanga hatetemeki kama mtu mzima. Joto likishuka chini ya 36.5°C huchoma mafuta ya kahawia, yaani mafuta maalumu ya kutoa joto yaliyo shingoni na katikati ya mabega. Kazi hiyo hula oksijeni na glukosi (sukari ya damu) nyingi, ndiyo maana anahema haraka na sukari inashuka. Akipoa mno, chini ya 32°C, pumzi na mapigo ya moyo hupungua; utulivu huo usikudanganye, ni hatari kubwa.

Mvue nguo mbichi, mkaushe, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu, mnyonyeshe. Pima joto tena baada ya saa moja. Akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, au akikataa kunyonya, usisubiri: hospitali, akiwa hapo hapo kifuani.