Maji ya moto yanayokuja na kukata: cheki haya kabla hujanunua boila mpya

Mkuu, kwa ulivyoeleza, maji yanakuja moto kama dakika hivi halafu ghafla baridi kisha yanarudi, na radieta (vile vipasha joto vya nyumba vinavyopata moto kwenye boila hiyohiyo ya gesi) zinapasha vizuri tu, usikimbilie kununua boila nyingine aisee. Cheki kwanza presha ya maji ya ndani ya boila ikiwa imepoa, inatakiwa iwe kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha presha), ikiwa chini jazia maji. Halafu fungulia bomba moja tu la moto mpaka mwisho, nenda kasimame mbele ya boila usikilize. Kama namba ya joto kwenye skrini inapanda mbio halafu moto unazima huku maji bado yanatoka kwa kasi, hapo nashuku chokaa imeganda kwenye ile sehemu ya mabamba inayopasha maji ya bomba, joto halipiti, boila inajiona imechemka sana inajizima, ikipoa inawaka tena, na ndo mchezo mzima huo unaouona ukioga. Inasafishwa au inabadilishwa, sio boila nzima.

Ila kama boila inazima pale unapopunguza bomba basi ni maji kidogo, boila nyingi zinataka kama lita 2 mpaka 3 kwa dakika ndo ziwake, safisha kichujio cha maji yanayoingia na kichwa cha shawa.

Kifuniko cha boila usifungue mwenyewe tafadhali, muachie fundi mwenye leseni ya gesi. Na kama huna kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye boila) weka, hiyo hewa haina harufu kabisa na inaua.