Chomoa hiyo adapta kwanza, Windows itasubiri

Ndugu yangu wa Nakuru, usimwite huyo fundi Jumamosi, na kompyuta hiyo usiiwashe tena leo. Umeeleza kwamba ulinunua kadi ya picha iliyokwisha kutumika, GTX 1660 Super, ukaiweka katika kompyuta ya ofisi iliyotoka ng'ambo, na sasa mashine inajizima ghafla kila unapocheza gemu kwa dakika kumi. Umeuliza kama uweke Windows upya, kama ramu ya GB 8 inatosha, na kama skrini yako ya zamani ndiyo yenye shida. Lakini katikati ya maelezo yako umetaja kwa sentensi moja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa pawasaplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, haikuwa na waya wa kadi, hivyo fundi akakuwekea adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya diski. Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikaanza kuandika, kwa sababu adapta ya aina hiyo hiyo iliniunguzia kazi ya watu hapa Kisumu, na siwezi kukuona ukipita njia ile ile nami nikanyamaza.

Mwaka 2021 nilikuwa nahariri video za harusi katika chumba nilichopanga Kondele. Kompyuta yangu ilikuwa Dell OptiPlex 7020, lile kasha kubwa, mashine inayostahimili sana kazi iliyotengenezewa, na pawasaplai yake ilikuwa ya wati 290. Nilinunua kadi ya picha ya RX 580 kwa muuzaji wa Nairobi aliyeniandikia kwa uhakika kwamba kadi hiyo inakaa kwenye mashine yoyote. Nilituma pesa kwa M-Pesa, kadi ikaja na basi la usiku, na nilipoifungua nikakuta ina tundu la umeme la pini 8 ilhali mashine yangu haina waya wa namna hiyo. Nilimpigia simu, akanijibu kwamba ninunue adapta ya shilingi 300 na nisimsumbue tena. Fundi wa jirani aliifunga kwa dakika tano, akafunika kasha, akapokea pesa yake.

Mashine ilifanya kazi vizuri nilipokuwa nikiandika barua au kutazama video. Nilipoanza kutoa harusi nzima iwe faili moja, ilizimika kama stima imekatwa: hakuna skrini ya buluu, hakuna ujumbe, giza tu. Fundi alirudi, akafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, akanionyesha mstari wa Kernel-Power 41, akatamka kwamba Windows imeharibika. Nikamlipa aiweke upya. Baada ya wiki moja akaiweka upya tena, nikalipa tena. Leo najua kwamba namba hiyo ya 41 inasema jambo moja pekee, kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, wala haisemi kilichoizima. Kumwambia mteja kuwa mstari ule unathibitisha ubovu wa Windows ni kuchukua pesa yake bure, na bado nina uchungu nao kwa sababu wiki zile tatu ndizo zilizoipa adapta muda wa kuiva.

Jumapili moja usiku nilikuwa natoa harusi ya Ahero. Nilisikia harufu kabla ya kuona chochote, harufu ya kishikio cha sufuria kilichosahauliwa juu ya moto. Nilichomoa waya ukutani na kufungua ubavu wa kasha. Plagi ya adapta, iliyokuwa nyeusi, ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja na kuvimba, na ilikuwa imegandamana na plagi ya waya wa diski zikawa kitu kimoja. Nilipoivuta, plastiki ilitoka nyuzi nyuzi kama gundi, na pini mbili zikabaki ndani. Waya ule ule ulikuwa umeendelea hadi kwenye diski yangu ya TB 2, kwa kuwa katika mashine hizo plagi za diski hufuatana kwenye waya mmoja. Plastiki iliyotenganisha pini ilipoyeyuka, umeme wa volti 12 uligusa njia ya volti 5, na diski haikuzunguka tena.

Ndani ya diski ile kulikuwa na harusi nzima ya Ahero, na sikuwa na nakala nyingine. Nilienda mwenyewe kumwambia mama wa bi harusi, kwa maana jambo kama hilo haliambiwi kwa simu. Alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kama hata ile sehemu ya babake akiwabariki maharusi imepotea. Nilirudisha shilingi 38,000 zote walizonilipa, nikapeleka diski Nairobi kwa mtu anayeokoa data, naye akabadilisha ubao wake na kupata karibu nusu ya faili. Kanisani kulipatikana. Baraka za mzee hazikupatikana. Mama yule hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na ninapopita Ahero hadi leo huwa siwezi kutazama upande wa kwao.

Sasa nikuonyeshe hesabu ambayo muuzaji na fundi wangeweza kuifanya kwa dakika moja kama wangejali. Plagi ya diski, ile nyembamba ya SATA, ina pini tatu za volti 12, na kila pini imewekewa kiwango cha ampea 1.5. Hizo ni ampea 4.5, ukizidisha kwa volti 12 unapata wati 54. Tundu la pini 8 la kadi limewekewa kiwango cha wati 150, na sloti, yaani mfereji wa ubao mama ambamo kadi huchomekwa, hutoa hadi wati 75. RX 580 hutumia takribani wati 185 ikifanya kazi kwa nguvu. Ondoa 75 za sloti, zinabaki 110, yaani mara mbili ya kile ambacho plagi ile inaweza kubeba kwa usalama. Hakuna Windows mpya inayoweza kubadilisha hesabu hiyo.

Kadi yako ni ya wati 125, na huenda ukasema kwamba ukiondoa 75 zinabaki 50, hivyo umeponea. Hujaponea. Kadi haichukui kwanza zote za sloti ndipo iguse tundu; nyingi huchukua sehemu kubwa zaidi kwenye tundu. Tena hizo 125 ni wastani, kwa kuwa kadi hupandisha matumizi kwa vipindi vifupi sana kupita namba iliyoandikwa, na vipindi hivyo ndivyo vinavyoifanya pawasaplai ndogo ijizime ili kujilinda. Hata ukipewa adapta ya plagi mbili za diski badala ya moja, zote mbili mara nyingi hutoka kwenye waya ule ule mwembamba. Kujizima kwa mashine yako ni onyo, na ningalitamani mtu angeniambia hivyo mimi katika wiki ya kwanza.

Kanuni ninayokuomba uishike ni hii: kabla ya kugusa Windows, draiva (programu inayoendesha kadi) au kitu kingine chochote, soma lebo ya pawasaplai, tafuta safu ya +12V, chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Usisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Niliisoma namba hiyo mara ya pili nikaumia mara ya pili, kwani baada ya diski kufa nilinunua pawasaplai mpya ya shilingi 2,800 iliyoandikwa 700W kwa herufi za dhahabu. Ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu. Mashine ilizimika dakika ya nne. Ndipo nilipoisoma lebo ndogo ya ubavuni, na kwenye +12V palikuwa pameandikwa 16A, ambazo ni wati 192. Wati 700 hazikuwamo. Aliyechapisha lebo ile anajua anachofanya, na wauzaji wanaoziweka mstari wa mbele dukani wanajua pia, kwa sababu ndizo wanazorudishiwa kila wiki.

Iliyonitoa ni pawasaplai iliyotumika ya wati 550, yenye nembo ya 80 Plus, alama ya kutopoteza umeme mwingi, na 42A kwenye +12V, ambazo ni wati 504, na yenye waya wake wa pini 8 uliotoka nao kiwandani. Kwa kadi yako NVIDIA wenyewe hupendekeza pawasaplai ya wati 450 kwenda juu. Jihadhari na jambo moja kabla ya kulipa: ikiwa mashine yako ni ya jamii ya OptiPlex kama yangu, ubao mama wake unaweza kuwa unapokea plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo utahitaji waya wa kubadilisha umbo la plagi. Huo si sawa na adapta ninayoilaani hapa. Huo unaunganisha pawasaplai na ubao, haulazimishi waya wa diski kubeba mzigo wa kadi. Na ukiona gharama zinapanda mno, kuna kadi kama GTX 1650 ya wati 75 ambayo matoleo yake mengi hayana tundu la umeme kabisa. Ungemwuzia mwingine 1660 yako, ukalala usingizi.

Ukitaka kuhakikisha kwamba sikuzushii, toa kadi, chomeka skrini kwenye tundu la ubao mama, utumie mashine siku mbili. Isipozimika hata mara moja, umeshajua bila kulipa mtu kwamba shida iko kwenye kadi au umeme wake. Shida ya draiva ina sura nyingine: kwa kawaida skrini huwa nyeusi kisha hurudi na ujumbe kwamba draiva iliacha kuitika, au huja ile skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Yako, kwa ulivyoeleza, inakata kimya. Tazama pia UPS yako, ile betri ya akiba, kama unayo, kwa maana zile ndogo za VA 650 mara nyingi hazifiki wati 400, na hapa kwetu, ngurumo zinapoanza jioni na stima ikaanza kuchezacheza, ndizo zinazokata kwanza.

Leo usiku fanya mambo mawili tu. Chomoa adapta uitazame kwa tochi ya simu, ndani ya plagi, upande wa pini za volti 12. Ukiona hata doa la kahawia, usiirudishe, wala plagi ya pawasaplai iliyokuwa imeshikana nayo usiitumie kwa diski. Kisha piga picha ya lebo ya pawasaplai, yote, pamoja na ile jedwali ndogo ya ampea, uiweke hapa. Nitaisoma nawe.