Hita ya trela inawaka siku ikitaka? Isikilize kwanza kabla hujanunua spea

Hita ya trela yangu ya kulala safarini ilinisumbua karibu msimu mzima wa baridi. Leo inawaka, kesho feni inazunguka tu inakupulizia hewa baridi mpaka unaizima kwa hasira, keshokutwa inawaka vizuri kama vile haijawahi kukuudhi. Na fundi akija, ikimwona tu inawaka, mpaka unaonekana muongo. Nikafanya kosa la wengi, nikanunua bodi mpya (ile sakiti ya umeme inayoiendesha hita), maana kila niliyemuuliza alisema bodi hiyo, badilisha. Nikabadilisha. Siku mbili safi, ya tatu tumerudi palepale.

Kilichonisaidia ni kukaa chini karibu na hita, taa imezimwa, redio imezimwa, nikawa naisikiliza tu. Hizi hita za gesi zenye feni zina mpangilio wake na hazirukii hatua. Themostati, yaani kile kidhibiti unachochagulia joto, ikiita joto, feni inaanza. Feni ikishika kasi, upepo wake unasukuma kijibati chepesi cha swichi ya upepo, hiyo swichi ndo inaiambia bodi kwamba hewa ipo. Bodi inasubiri kidogo ili gesi yoyote iliyobaki ndani itoke, kwa hita nyingi ni kama sekunde 15, alafu unasikia "ta" ya vali ya gesi ikifunguka, na hapohapo spaki inaanza, tik tik tik, kama sekunde 7 hivi. Moto ukishika bodi inauhisi na inaiacha vali wazi, usiposhika inafunga gesi. Bodi nyingi zinajaribu mara 3 alafu zinagoma mpaka uzime themostati na kuwasha upya. Kwahiyo ukijua imeishia sauti gani, umeshatupa nusu ya mambo ya kuhangaika nayo.

Yangu ilikua feni inazunguka, basi. Hakuna "ta", hakuna tik tik. Maana yake bodi haijaambiwa kwamba upepo upo, kwahiyo gesi na spaki sina haja ya kuzigusa. Na mimi wiki nzima nilikua nasugua elektrodi (ile ncha inayotoa spaki) na msasa, jamani.

Sasa hapa kuna kitu nilikiona tangu mwanzo nikakipuuza: nikichomeka trela kwenye umeme wa nje hita haisumbui hata siku moja, inasumbua nikiwa natumia betri tu, na zaidi alfajiri. Nilipima betri nikakuta volti 12.6, nikasema betri nzima, nikaachana nayo. Kosa. Ile ni volti ya betri iliyopumzika, haina kazi. Ukitaka ukweli pima wakati feni inazunguka, na pima kwenye waya wa hita yenyewe, sio kwenye betri. Nilipofanya hivyo, kwenye betri nikasoma 12.3, kwenye hita 10.8. Volti moja na nusu imepotelea njiani! Feni kwa volti hiyo inazunguka, ukisikia kwa haraka utasema iko sawa, lakini haina nguvu ya kusukuma ile swichi ya upepo mpaka mwisho. Umeme wa nje ukiwepo chaja inapandisha hadi 13.6, ukitoa ile hasara bado inabaki ya kutosha, ndo maana ilikua inawaka. Na ile bodi mpya kuonekana imetibu siku mbili, nakumbuka sasa, siku hizo trela ilikua imechomekwa.

Kupata hasara iko wapi ni rahisi kuliko inavyosikika. Feni ikiwa inazunguka, weka ncha moja ya mita kwenye terminali hasi ya betri na nyingine kwenye waya hasi wa hita. Waya mzuri utasoma kitu kidogo sana, wangu ulisoma volti 1.2. Nikaufuata chini ya trela hadi pale unapofungwa kwa skrubu kwenye chasi, kutu tupu, na skrubu yenyewe inazunguka kwa kidole. Nikasugua chuma mpaka king'ae, nikabadilisha kichwa cha waya, nikakaza, nikapaka grisi juu kuzuia maji. Upande wa chanya fanya hivyohivyo, pita na kishikio cha fyuzi, vikilegea navyo vinakula volti.

Kama volti zako ziko sawa na bado imeishia kwenye feni, angalia ile swichi ya upepo, inapenda kukusanya vumbi na manyoya, hasa ukisafiri na mbwa au paka. Unywele mmoja tu umeingia kwenye kijibati unatosha. Isafishe, na ikiwa imechoka badilisha. Tafadhali usiiunganishe moja kwa moja ili "iwake tu", hiyo swichi ipo ili gesi isifunguke wakati hakuna hewa. Kuna pia swichi ya joto kupita kiasi, ambayo inakata kama umebana njia za hewa, mfano umepanga mabegi mbele ya matundu, ikipoa inarudi yenyewe na wewe unabaki unashangaa.

Yako ikifika kwenye tik tik lakini moto hakuna, hapo ndo uende kwenye gesi. Washa jiko la ndani pleti mbili alafu itishe hita joto, uangalie moto wa jiko wakati vali inafunguka. Ukinywea sana, presha haitoshi, mara nyingi ni regyuleta, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi kutoka mtungini. Trela nyingi za Marekani zinataka presha ya gesi ya inchi 11 za maji na hiyo unaipima kwa manomita (kipima presha), usiibahatishe kwa kuangalia rangi ya moto. Pia, ukibadilisha mtungi fungua vali yake polepole, ukiifungua kwa pupa kile kizuizi cha ndani kinadhani bomba limekatika na kinabana gesi. Na kama mtungi wako una mchanganyiko wenye butani nyingi, kumbuka baridi ikifika karibu na sifuri butani inaacha kugeuka kuwa gesi, wakati propeni inaendelea mpaka nyuzi -42.

Moto unashika alafu unakufa baada ya sekunde chache? Hapo bodi haiuhisi. Angalia elektrodi, kaure yake isiwe na ufa, nafasi ya spaki iwe kama milimita 3 au kama kitabu cha hita yako kinavyosema, na waya wake usiwe umelegea. Mwisho chungulia bomba la moshi kwa nje, nyigu na buibui wanapenda kujenga humo trela ikiwa imepaki.

Chochote ulichofungua upande wa gesi, maungio yapake maji ya sabuni uangalie mapovu, kiberiti hapana. Na king'ora cha kaboni monoksaidi kibonyeze kitufe cha majaribio kabla ya kulala usiku ule wa kwanza, changu nilikuta betri zake zimekufa sijui tangu lini. Ukiona masizi kwenye bomba la moshi au moto wa njano ndani, hapo mimi nazima mtungi na namwita fundi wa gesi, hata kama anafika inawaka.